Majina kwa Penseli

Jumatatu, 4 Machi
Nyumbani, Kitaji. Chai ya rangi, kiporo cha ugali, mapanki. Minofu ya sangara imekwenda Ulaya, sisi tumeachiwa mifupa. Nalo nitaliandika kwenye tasnifu. Nimepanga madodoso ya kisiwa cha Rukuba mpaka mgongo umekataa. Msimamizi wangu ameandika kutoka Dar: sura ya makokoro imfikie kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo ufadhili unafungwa. Miaka minne ya udaktari wa sera za mazingira, na sasa unategemea nyavu haramu. Haya bwana.

Jumanne, 5 Machi
Kuna jambo linanikera. Niliwaahidi wavuvi kwamba sitaandika majina. Baba mdogo Magesa, naye mvuvi huko Rukuba, akakataa katakata. Kwetu huanzi kuongea na mtu kabla hujataja jina lako na la baba yako. "Andika, mwanangu. Anayeficha jina ni mwizi." Wengine wakafuata. Kokoro linazoa mpaka vifaranga vya samaki, anajua, najua. Lakini baba alipokufa ni kokoro lake hilo hilo lilinisomeshaga. Nimeandika kwa penseli. Nitafuta.

Alhamisi, 7 Machi
Mashine pekee ya fotokopi iliyo nzima ni ya ofisi ya uvuvi. Umeme ukakatika kabla hawajaanza. Karani akasema, "Acha tu, dada, uje kesho." Nikaacha bahasha ya madodoso. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, ndipo nikakumbuka. Sijafuta majina. Mungu wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekuwa wa kwanza mlangoni. Bahasha iko mezani kwa bosi, wazi. Akanipa mkono. Eti utafiti wangu umewasaidia sana. Nikatabasamu! Mjinga mimi, nikatabasamu na kusema asante.

Jumamosi, 9 Machi
Niko ufukoni Makoko tangu asubuhi, natafuta mtumbwi wa kwenda kuwaonya. Magugu maji yamefunga ufuko wote. Injini zinanasa, hakuna aliyekubali kutoka. Mpaka magugu nimeyaandikia sura nzima. Hayakunisaidia kitu.

Jumatatu, 11 Machi
Jana boti ya doria ilifika Rukuba, watu wakitoka kanisani. Walikuwa na orodha. Waliita jina la mtu na la baba yake, vile vile nilivyoandika. Baba mdogo akaitika. Angenyamaza tu! Wote wakaitika. Makokoro yao yamechomwa ufukoni.

Alhamisi, 28 Machi
Sura niliituma. Sina la kujitetea, niliogopa kupoteza ufadhili. Msimamizi amepiga simu: ni sura bora kuliko zote. Nimezima simu.

Jumapili, 31 Machi
Rukuba. Nimepiga magoti mbele ya baba mdogo, nikamweleza yote: penseli, fotokopi, bahasha. Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. Hakufoka. Heri angefoka.

Siku zote nikifikaga hapa naenda moja kwa moja jikoni kwa mama mdogo. Nakaa kwenye kigoda, napewa viazi nimenye, tunasengenya, tunakula sahani moja. Leo nimeinuka kwenda huko, mama mdogo akanikuta mlangoni. Hakunipisha. Akatoa kiti cha wageni, akakifuta vumbi kwa khanga yake, akakiweka barazani.

"Kaa hapa, Daktari."

Nikakaa. Wakaniletea chai, na sahani ya peke yangu.