Doto Hatachanjwa

Newala

Mwangaluka mayu, mama yangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiwa umesimama utaondoka kwenda zizini kabla haijaisha. Mgongo unaendeleaje? Na baba, kile kikohozi cha vumbi la pamba kimemwachia? Sisi tunapumua. Huku wanapulizia mikorosho salfa, baba yao kina Kulwa anarudi jioni akiwa wa njano mpaka kope. Mimi nauza uji na chapati, nachoka mpaka nasinzia huku nakoroga. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikigusa jambo usilolipenda unasema mtandao unakata. Limi mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma kama ilivyo. Usiruke.

Mayu, nimekukasirikia.

Kaka Masanja alipomchukua Kulwa peke yake kuja kwenu likizo, Doto akiwa na homa, nilimpa mtoto mwenye ngozi nzima. Amerudi na chale kifuani, mgongoni na kwenye viwiko, na moja ya mgongoni imetunga usaha. Wa kwanza kuziona si mimi. Ni Bibi Asumini, jirani yangu Mmakonde, aliyekuwa akimwogesha. Akaniita: "Mama Kulwa, njoo uone, mwanao kaandikwa."

Nikamuuliza Kulwa. Akasema mliwapanga foleni, yeye na watoto wa Masanja, mganga akiwachanja mmoja mmoja na kuwapaka dawa nyeusi. Wembe je? "Ulikuwa mmoja, mama. Bibi alikuwa anaufuta kwenye kanga." Mayu, kwenye kanga. Nimempeleka zahanati, wamempima damu, wamesema yuko salama ila nimrudishe wapime tena. Mpaka siku hiyo silali vizuri, na wewe ndiye uliyenipa usiku huu.

Halafu nafua gauni lake, nakuta kwenye pindo umeshonea kifuko cha dawa. Nampigia Masanja, ananiambia, tena anacheka: "Mama anasema hiyo ni ya Doto. Mtafute mtu huko amchanje. Pacha hawafanyiwi nusu, dada, unajua."

Najua. Mimi ndiye niliyewazaa. Siku zote nikimpa huyu kipande cha muhogo, na yule nampa. Lakini kama pacha hawafanyiwi nusu, ungeniuliza kabla hujamgusa wa kwanza. Sasa umekata nusu, unaniagiza nimalizie.

Usiseme mume na mji vimeniharibu. Chale zangu sizichukii. Ulinichanjisha alipofariki yule mdogo wangu aliyenifuata, ukawa unaogopa hata nikikohoa. Nilipolazwa huku kwa ajili ya kujifungua, sina ndugu hata mmoja, nilizigusa hizi za kifuani nikajua kuna mtu duniani aliwahi kuniogopea. Hilo halifutiki, na sitaki lifutike. Lakini wakati ule wewe ndiye uliyenikalisha mapajani ukanishika mikono. Nakumbuka jasho lako.

Bibi Asumini ana nembo, zile chale za Kimakonde, uso mzima, za kale, mashavu yote mawili na paji. Nilidhani atakutetea. Akasema, "Mimi uso wangu unasema ni mtoto wa nani. Sijutii. Wajukuu zangu hawakutaka, nikawaacha, wanajulikana kwa makelele yao. Ila mimi siku ile mama yangu ndiye alinishika kichwa. Huyu wako alishikwa na nani?"

Nakuuliza hivyohivyo, mayu. Mwanangu alipolia alishikwa na nani? Mama yake nilikuwa hai, nina simu, na salio lilikuwepo.

Sasa nikwambie lililoniuma kuliko usaha. Juzi narudi na sufuria zangu, namkuta Doto kavua blauzi, amejichora kifuani kwa mkaa, mistari miwili miwili, anamtazama dada yake asikosee. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Bibi alimpaka Kulwa dawa kwa sababu anampenda. Mimi hanijui." Nilimwosha. Alilia kila mstari ulipotoka.

Kwa hiyo sikia, na Limi asome hapa polepole. Doto hatachanjwa. Si huku, si huko, si na mganga yule wala mwingine, hata kwa wembe mpya. Desemba nitawaleta wote wawili, nami nitalala nao kitanda kimoja. Ukitaka kumkinga Doto, mpake samli kifuani kwa mkono wako kama ulivyokuwa ukinipaka mimi wakati wa baridi, umtajie majina ya wakubwa wetu wote. Hapo bakuli nitakushikia mwenyewe.

Dawa yako sijaitupa. Naogopa kuitupa, na naogopa kukaa nayo. Iko juu ya kabati, nitakurudishia mkononi.

Msalimie baba. Msalimie shangazi wa Mwamapalala aliyenifunga kanga ya harusi. Mke wa Masanja mwambie simlaumu, ila awapeleke watoto wake wakapimwe, wiki hiihii. Masanja mwenyewe msalimie atakapoacha kucheka.

Kwenye simu ulizoea kuwachanganya, unamwita Kulwa Doto, Doto Kulwa, wanakucheka. Sasa hutakosea tena. Asiye na alama ndiye Doto, na nikifa nitamwacha hivyohivyo.

Ni mimi mwanao, niliye na chale zako kifuani,
Minza, mama wa Kulwa na Doto