Taja Rangi Kwanza, Ndipo Upige

Mwenzangu uko? Usinipigie, sauti haitoki. Nilitaka kumuua baba yake Sindano. Kwa gongo la besiboli. Mbele ya watoto.

Sindano unamjua, yule msichana mwembamba wa timu yangu, mpira ukimkaribia tu anafumba macho. Ndiyo maana nikaipaka mipira rangi: ataje rangi kwanza, ndipo apige. Aliyefumba macho atataja nini?

Leo kataja vizuri kabisa, "Nyekundu!", kapiga, kakosa. Mara baba mtu huyo, karuka uzio, kamzaba kofi la uso. KOFI! Damu puani. "Unaniaibisha mbele za watu, mjinga wewe!" Akainua mkono tena.

Hapo sijui gongo lilifikaje mikononi mwangu. Nilimlenga kichwa. Sisemi nilitaka kumtisha, nasema KICHWA! Nikalizungusha kwa nguvu zangu zote.

Nikasikia kishindo. Nikajua tayari, nimeua.

Kumbe nimepiga nguzo ya uzio. Gongo limekatika vipande viwili, mikono yangu inawaka moto mpaka sasa. Yeye yuko chini, suruali imelowa, hana hata mchubuko. Kanyanyuka kakimbia, mwana kamwacha palepale.

Sindano ananitazama, damu inamchuruzika hadi kidevuni, wala halii. Akaniambia taratibu, kwa sauti ileile ninayotumia mimi kumwambia kila siku:

"Kocha, umefumba macho."