Nzi wa Mama Mkwe

Shoga, nimejifungia stoo ya maabara. Nimeumbuka!

Yule nzi wangu, aina mpya kwa sayansi, wa familia ya nzi wachezaji, wale wanaocheza dansi hewani, niliyempa jina la mama mkwe? Profesa kamtazama kwenye hadubini mbele ya watu wote. Kisha: "Binti, huyu si mchezaji. Huyu ni chakula."

Chakula!

Si unajua madume yao hawaendi kwa jike mikono mitupu, lazima wabebe mdudu wa kuposea? Basi mimi nilinasa dume na posa yake pamoja; dume nikamwona wa kawaida, nikamtupa. Posa nikaichoma pini, nikaiandikia kurasa kumi na nne!

Chakula, shoga!

Na mama mkwe keshawatangazia majirani wote. Kanipigia sasa hivi: "Mwanangu, huyo nzi wangu anakula nini?"