Mkia wa Mbuzi Ulioanguka

Shangazi Wacera, naomba msaada wako. Nakuandikia moyo umetulia kwa mara ya kwanza mwaka huu, lakini kuna jambo moja limebaki linanikera.

Mimi na mume wangu Kiema tuna bucha hapa Ziwani, na unajua mteja wa mbuzi haangalii uso wako, anaangalia mkia ulioachwa kwenye nyama ndio ajue hauziwi kondoo, basi mbuzi walipopanda bei kule sokoni Kiamaiko, Kiema akaanza kununua kondoo, anakata ule mkia wa mafuta, anashonea wa mbuzi kwa uzi mweusi, anatundika, anapunguza bei kidogo, watu wanakula wakisifu, nami nikimwambia, "Baba Ndete, hii ni dhambi," ananijibu, "Kwani watoto watakula maombi?" nikaendelea kufunga nyama, lakini jirani yetu Owuor, ambaye huuza kondoo na kusema ni kondoo, alikosa wateja mpaka akatafuta mtu wa kununua friji yake, na mkewe ni rafiki yangu, nikawa naona haya hata kumsalimia.

Siku moja Kiema alipotoka kidogo nikaukata ule uzi, nikaacha unashikilia kidogo tu. Akaja Mama Perez, ambaye tumbo lake halipatani na kondoo, anataka paja la mbuzi la kupikia wageni. Kiema kuiteremsha nyama tu, mkia ukaanguka kwenye kaunta.

"Ai, Kiema! Huyu mbuzi alikuwa anaenda harusi? Mbona ameshonewa mkia?"

Foleni nzima ikacheka, halafu ikanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa, nikajua bucha inavunjwa leo, lakini mume wangu akapiga magoti palepale akaomba msamaha.

Siku hizi kondoo ananing'inia na mkia wake kwa bei yake, wateja wengi wamerudi, Owuor bado ana friji yake, na Kiema analala fofofo. Shida ni kwamba anaamini Mungu ndiye aliyekata ule uzi, na Jumapili anatoa ushuhuda kanisani. Nimwambie, ama ninyamaze?

Kasiva, Ziwani

Kasiva mwanangu, nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, kisha nikakukasirikia. Ulikuwa na mdomo, ukaenda kutafuta kisu! Na kama mkia haungeanguka, Mama Perez angelala hospitali.

Lakini pole, najua ulivyobanwa. Nimefurahi kwamba Owuor yupo. Mumeo hakuwaonea wanunuzi peke yao, alikuwa anamfukuza jirani sokoni kwa kosa la kusema kweli. Mtaa ukifika mahali msema kweli ndiye anayefunga duka, hakuna atakayemwamini muuza nyama yeyote, na hao watoto wa Kiema watakula nini?

Sasa sikiliza. Mwambie leo mkishafunga bucha, nyinyi wawili tu. Usingoje Jumapili umwache asimame mbele ya kanisa na hadithi ambayo mkewe anajua si kweli, maana huo nao ni mkia wa kushonea. Atanuna, mwache anune. Halafu mkumbushe kwamba uzi uliukata wewe, lakini magoti alipiga mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Ushuhuda wake ni huo.

Kisha nenda kwa Owuor, nunua paja la kondoo, umpikie mumeo. Akiuliza ni nyama gani, mwambie.