Mashini ya Tonton na chumba ya juu

Bruxelles, siku ya Yenga, kisha ibada

Maman yangu mupenzi,

Mbele ya yote, goti yako inasema nini? Usiniandikie tena "niko muzuri, Mungu anasaidia". Dada yangu Yaya Neema ameshaniambia kama unapanda kilima ukishika kuta za watu. Mimi niko muzima, na nimezidi uzuri, usishangae siku utaniona. Kule kwa hospitali ninaendelea kusukuma vitanda vya wagonjwa, na nakuambia kweli, ile hospitali inasimama juu yangu. Munganga mukubwa wa moyo, na masomo yake yote, ananingojea mimi. Nisipofika na kitanda, atapasua nani? Wewe ulisema mutoto anayekimbia masomo hafiki fasi. Bon. Nimefika.

Sasa vuta kiti, nikupe habari ya kaka yako.

Tangu tulizika muke wake, Tantine Furaha, Tonton Marcel na mimi tuko wawili tu kwa ile nyumba yake ya Woluwe, kama maharage mbili kwa sufuria ya ndoa. Nyumba inapashwa joto na mashini yenye kukaa inje, nyuma ya jikoni. Wanaiita pompe ya joto. Haichome makala, haichome mafuta ya mazout. Inakusanya joto kwa hewa ya inje na kuiingiza ndani. Usiniulize ni joto gani iko inje wakati vidole vyangu vinaganda. Tonton anasema ni kama wewe zamani: kwa shamba ya jirani kila muntu aliona hakuna kitu, lakini wewe ulirudi na majani ya sombe.

Alors, baridi ilipoanza mwaka huu, ile mashini ikalia kama mbuzi anayeona siku kuu inakaribia. Kisha ikanyamaza. Tonton akawa anakula bugali na koti, na kofia, na shuka ya Tantine kwa mabega, anakohoa. Binti yake Esther akatoka Saint-Gilles na chakula, na hakuweka hata sahani kwa meza:

— Papa, inatosha. Uza nyumba, kuya kwetu.

— Kwenu ni gorofa ya ine, na lift hakuna. Nitapanda na magoti ya nani?

— Na huyu? akanionyesha na kidole. Anakusaidia nini, zaidi ya kumaliza nyama?

— Dada, mimi napasha nyumba na maneno, nikamujibu.

— Njo maana tunakufa baridi, Tonton akasema.

Tulicheka. Lakini Esther alipotoka nilimuona, maman. Alipitisha mukono kwa ukuta wa jikoni, polepole, kama muntu anayetuliza ngombe yenye kesho itauzwa.

Fundi akakuja: mwanamuke kijana, na mikono mikubwa kuliko yangu. Tukamupeleka nyuma. Akasimama, akatazama, akatugeukia na Kifaransa yake ya Kiflama, mimi nakutafsiria:

— Monsieur, huyu alifanya kosa gani mpaka mukamufunga?

Kwa sababu kaka yako na Tantine, walipopata ile mashini, waliijengea kibanda ya mbao, na mulango, na kufuli ya kadena nene kama ya duka ya sukari. Walikumbuka groupe yao ya kutoa umeme kule Bukavu, ile wezi walibeba siku ya ubatizo wa Esther, wakawaachia tu harufu ya mazout.

— Kwetu, Tonton akamueleza, mashini inayolala inje bila kadena, asubui inaamukia kwa muntu mwingine.

— Lakini hii inataka kupumua, papa. Muliifungia pamoja na pumzi yake ya baridi. Ilikuwa inavuta ileile baridi iliyotapika.

Tonton akavua kofia kama kwa maziko. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwa majani.

Fundi akatoa mbao, akafungua mashini, akasikiliza. Hakututisha, hakutusukuma. Akasema njia ni mbili. Kutengeneza inawezekana: atabadilisha kipande, itasukuma pengine baridi moja, pengine mbili, lakini moyo wake umechoka na gaz yake ya zamani inapatikana kwa taabu. Ao kuweka mupya, na ile, ikitunzwa, inafika vingt ans.

— Mupya! nikasema, maana mimi najua mashini. (Radio yako ilikuwa imeshakufa mbele niifungue, tusirudilie ile habari.)

— Tengeneza ya zamani, Tonton akasema, na akaingia ndani.

Nikamufuata jikoni.

— Tonton, feza ya kununua iko, Esther na mimi tutasaidia. Unaogopa nini?

— Siogope kitu. Umesikia alisema vingt ans?

— Nimesikia.

— Miaka makumi mbili, Bahati. Mimi nitaimaliza na nani? Ile ya zamani na mimi, watutengeneze kidogo kidogo, tuishie pamoja.

Maman, unajua kinywa yangu. Nilitazama kiti ya Tantine, nikatazama shuka yake kwa mabega ya kaka yako, na neno la kwanza lililokuja njo nililitupa:

— Na maman akikuja? Utamulalisha na koti?

Akajimiminia chai, hakuinywa. Kisha nikasikia anacheka peke yake, kwa pua.

— Mama yako, hakuna baridi aliiweza. Hata kwetu, mwezi wa sita, alikuwa ananyanganya sweater yangu ya masomo, ile ya bleu. Mimi nilienda nikitetemeka, yeye ananona ndani yake kama askofu.

Akasimama. Akatoka inje bila kofia, na mimi nyuma yake.

— Madame! Ile mupya, joto yake itafika mpaka chumba ya juu?

Chumba ya juu ni mule Tantine alikuwa anashonea nguo. Tangu maziko mulango ulikuwa umefungwa. Hata mimi sikukanyaga mule.

— Itafika, papa.

— Bon. Lete mupya.

Sasa iko. Hailie, inanongona tu, na inapumua wazi bila mbao. Nikauliza kadena tuiweke wapi, Tonton akanijibu kama tuko Ulaya, niache ushamba. Lakini kila asubui anatoka na kikombe chake cha chai, anatazama kama ingali pale. Eti anatazama mvua.

Chumba ameifagia mwenyewe. Mashini ya kushona ya Tantine ameisukuma kwa pembe, hakukubali niiguse. Kitanda nimetengeneza mimi, na zile mbao za kibanda, na haitikisike hata kidogo. Esther alipokuja alivua koti mulangoni, akapanda juu, akakaa kule wakati murefu. Aliposhuka hakusema tena habari ya kuuza. Alisema mimi nimemaliza nyama.

Donc, maman, tukikuambia kuja, usijibu tena "tutaona". Tunza goti, tafuta makaratasi.

Unisalimie Koko, muzee wetu aliyenifundisha kujisifu, na umuambie mwanafunzi amemupita. Unisalimie Yaya Neema na samaki zake za sambaza za soko. Harufu yake naiota. Mudogo wangu Amani, mwenye kuvaa viatu vyangu, asivipige mupira. Na papa pasta, anayeniombea nirudilie masomo: aendelee tu.

Nakukumbatia mpaka uniambie niache,

Bahati wako, musukuma vitanda mukubwa wa Ulaya

Tonton amesoma barua yote na akaninyanganya kalamu. Ya chini ni mukono wake:

Mudogo wangu, mutoto wako ni muongo, kitanda inatikisika. Lakini chumba iko na joto. Tunza goti bila haraka, mimi niko na wakati. Kuya na sweater yangu.