Majani Mabichi Juu ya Majivu

Mwisenge, Musoma
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa kahawa yako na mguu umetulia. Goti linaendeleaje? Nasikia umeanza tena kwenda shambani kwa siri, na ukiulizwa unasema ulikwenda kuokota kuni tu. Mama, kuni zenyewe ziko shambani. Mimi ni mzima, na kile kikohozi kimeniacha. Bwana Sudi, mwenye duka la vitambaa ninapouza, anakusalimu. Bado ananiita Profesa, kwa kuwa ati Mhaya hata akipima kanga lazima kwanza atoe mhadhara.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Hii isome peke yako. Jovitha nitamwandikia ya kwake.

Najua unasubiri neno moja tu kutoka kwangu. Wazee wa ukoo wanataka tuzike mgomba kwa ajili ya kaka Deo, ulazwe kaburini mahali pake, msiba uishe, na Jovitha ajulikane kuwa mjane badala ya kukaa hivi alivyo, si mke si mjane. Wewe umewajibu kwamba jembe halitagusa ardhi mpaka mimi niliye huku alikopotelea niseme ndiyo. Umenitwika mzigo, mama. Tangu ujumbe wako ufike napima vitambaa nakosea, mpaka Bwana Sudi amenipokonya mkasi. Nitakujibu humu humu, ila niache nifike taratibu, maana jibu lenyewe limetoka kilimani, na nisipokieleza hicho kilima utadhani mwanao amechanganyikiwa.

Unajua nilivyofika huku. Deo alikuwa fundi wa minara ya simu, amepanga chumba Bunda, na Jumapili badala ya kupumzika kama watu wengine alikwenda kupanda vilima vya Butiama kwa raha zake. Tulimcheka sana: mtu wiki nzima yuko juu ya minara, Jumapili yuko juu ya mlima! Jumapili ile ya vuli dereva wa bodaboda alimshusha chini ya kilima, akamwona akianza kupanda, na hapo ndipo habari zake zinapoishia. Polisi walitafuta, wanakijiji walitafuta wakipiga yowe kutoka mwamba hadi mwamba. Hakikupatikana kiatu wala kofia. Ndipo nikaja mimi, nikapata kazi hapa Musoma, na kila Jumapili baada ya misa ya kwanza napanda basi la Butiama.

Mwanzoni nilipanda nikitafuta. Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nilianza kukipenda kile kilima. Naona vibaya kuliandika, lakini ndivyo ilivyo. Jumamosi usingizi ulikuwa haunipati kwa hamu ya kupanda, na siku nyingine nilifika juu nikagundua kwamba sijamwaza Deo njia nzima.

Kila majira pale yana neema yake na adha yake. Masika nyasi hufika kifuani, zimelowa, na ukitoka humo sketi imejaa mbegu zinazong'ang'ania, na kupe wawili watatu wa kukukumbusha safari. Miamba ina utelezi wa kijani, na nimekwisha kuanguka kwa makalio mara nyingi kiasi kwamba sioni tena aibu. Lakini maji hutiririka katika kila ufa, maua ya njano hutoka kati ya mawe, na mvua ikikatika unaona mbali mpaka ziwani. Hapo natazama magharibi na kusema, ng'ambo ile ndiko kwa mama.

Kipupwe ni umande, na baridi ya asubuhi inayokaza vidole. Nyoka hutoka kuota jua juu ya miamba, kwa hiyo unagonga fimbo kwanza kabla ya kushika jiwe. Raha yake ni kupanda bila jasho, na chai ya kwenye chupa ukiimimina kule juu ina ladha ambayo haipo mezani. Kiangazi wanachoma nyasi. Kilima kinabaki cheusi, visiki vya nyasi vinatoboa soli, majivu yanaingia puani, na maji uliyobeba yanaisha hujafika nusu ya njia. Ila kiangazi ndiyo majira aliyoyapenda Deo. Alikuwa akinipigia simu kuyasifia: mlima hauna siri, kila jiwe unaliona. Mimi, ambaye wakati huo sikuwa nimepanda hata kichuguu, nilimsifia masika ili kumkera tu. Sasa nimepanda katika majira yote na bado nachagua masika. Vuli naiogopa. Radi za huku zinapiga karibu mpaka meno yanagongana, na kitu pekee cha kukufariji ni kumbikumbi wanaotoka ardhini mvua ya kwanza ikinyesha. Nawala, lakini nafikiria senene mnaokula huko bila mimi.

Sasa nifike panapohusika. Karibu na kilele njia inagawanyika. Ya kulia inazunguka kilima na kukurudisha chini, nyumbani kwa Nyangeta, mwanamke anayekata nyasi za kuezekea, ambaye mimi humwachia mfuko wangu ninapopanda. Ya kushoto inapita kati ya miamba miwili iliyoegemeana, na huioni tena.

Masika nilikuta ile ya kushoto imefungwa kwa majani. Unajua desturi yetu: aliyetangulia huifunga njia isiyofaa kwa majani ili anayefuata asipotee. Tulipokwenda mtoni Deo ndiye aliyetangulia, naye alikuwa na namna yake, si kama watoto wengine waliotupa tu majani chini. Aliyalaza matawi yakikata njia, vikonyo vyote vikielekea upande ulio salama. Basi na haya yalilazwa hivyo hivyo. Sikufikiri kitu. Miguu yenyewe ilitii, nikashika ya kulia. Nilikuwa nimeshakaa kwenye basi nilipokumbuka kwamba niliyagusa kwa kidole na yakalia kwa ukavu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Kipupwe yalikuwapo tena. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande, na njia zote mbili hazikuwa zimepitwa na mtu. Majani peke yake hayakuwa na tone.

Kiangazi ndipo nilipopata hofu. Kilima kilikuwa kimechomwa chote, majivu laini kama unga uliochekechwa. Nikitazama nyuma naona nyayo zangu moja moja. Mbele hapakuwa na unyayo wa mtu wala wa mnyama. Na pale njia panda, juu ya majivu, yalikuwapo majani mabichi, vikonyo bado vinatoa utomvu. Nilizunguka nikitazama huku na huku mama, nikitafuta mti ulioyazaa. Kilima kizima hakikuwa na jani bichi hata moja.

Nilipomweleza Nyangeta aliacha kufunga mzigo wake wa nyasi.

"Majani? Sisi huku hatuwekagi majani. Mtu akitaka kufunga njia anachoraga mstari na mguu, basi."

"Labda ni wachungaji," nikasema.

"Wachungaji gani? Ng'ombe hawapandishwagi kule. Ile ya kushoto tunaionaga tu, hatuipitagi."

"Kwa nini?"

"Wanasemaga haichoshi."

Nilicheka, nikamwambia ningeipata njia isiyochosha ningehamia huko. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo sikutafuta tena kwenye nyufa. Nilipanda mpaka pale njia panda, nikayaona majani, nikashukuru, nikashika ya kulia. Sikukwambia kwa sababu ungelia, au ungekuja na goti lako hilo. Na pia kwa sababu yalikuwa yangu. Kuna mtu alikuwa ananiangalia nisipotee, na sikutaka kumgawia mwingine.

Halafu ujumbe wako ukafika. Nikajiambia siwezi kusema amekufa kabla sijaona anachonikataza. Jana nilipanda. Vuli inaishia, kulikuwa na manyunyu na matope tele. Majani yalikuwapo, makavu katikati ya mvua. Nikaomba Salamu Maria, nikayavuka.

Mama, njia ile ni nzuri. Sina neno baya kuliko hilo la kukuandikia. Nilipopita kati ya miamba matope yaliisha, mvua ikaisha. Ardhi ni kavu na haina vumbi. Si joto, si baridi. Nyasi ni fupi, hazina mbegu wala umande wala miiba. Nilijua napanda kwa kuwa miamba ilikuwa ikishuka pembeni yangu, lakini sikuhema, wala kiu haikunijia. Ndege hawakulia. Sikumwona mtu na sikusikia sauti ya mtu, kwa hiyo usije ukamwambia Jovitha kwamba nilimwona. Nilikuwa na furaha tu, isiyo na sababu. Nikawaza nyumbani, kwa kujaribu, na nyumbani hakukuniuma. Nikakuwaza wewe na goti lako, nikaona kama ni goti la mtu niliyewahi kusimuliwa habari zake. Nikajaribu kutaja watoto wa Deo kwa majina. La mkubwa likaja. La yule mdogo, ambaye mimi ndiye niliyemshika kanisani akibatizwa, likakataa kuja.

Hapo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa duniani. Niligeuka nikakimbia, na kushuka kulikuwa kuzito, miguu haitaki, nikailazimisha. Nilipoyavuka majani nilianguka kwenye matope ya kweli, mvua ikinipiga usoni, mkono umechunika, na nikalia kwa furaha ya kuumia. Nyangeta alikuwa amesimama pale njia panda, sauti imemkauka.

"Dada Kemi! Nimekuita mpaka koo linauma. Wewe si unashukaga mchana? Sasa jua linazama. Ulikuwa wapi?"

"Hapo tu," nikamwambia.

"Hapo wapi? Nimechungulia kwenye hiyo miamba, hamna mtu."

Mimi nilidhani nimetembea kidogo tu. Alinishika mkono mpaka chini, akanipa uji, wala hakuniuliza tena. Jina lilinirudia tukiwa njiani. Alinda. Nikalitaja kwa sauti tena na tena, Nyangeta akadhani nasali.

Usiku kucha nimewaza, na hivi ndivyo ninavyoamini. Vuli ile Deo alikuwa ananyeshewa, radi zinapiga, akaona pakavu. Akaingia. Hakuna aliyemtangulia kumfungia. Kule aliko hakuna masika wala kiangazi, hachoki, na nadhani sisi tumeanza kumtoka, mmoja mmoja, kwa majina. Lakini kuna kitu chake kimoja kimekataa kusahau, nacho kimekuwa kikisimama njia panda mwaka mzima kikinifungia. Ndiyo maana ujumbe wako umenitesa. Sikuogopa kusema kwamba amekufa. Niliogopa kwamba tukishamzika hakutakuwa na majani tena, na mimi najijua. Njia ile naifikiria hata sasa ninapoandika, na mikono yangu inanuka sabuni na vitambaa vipya.

Nisalimie shangazi Justa, msimamizi wa kahawa yetu, na umwambie gauni lake limekwisha, nitalituma na basi. Mjomba Rwegasira, fundi wetu wa baiskeli, mwambie aache kubishana na padri. Jovitha, mke wa kaka na dada yangu kwa kila kitu, mpe mkono. Watoto wote wasalimie, na Alinda mkumbatie mara mbili, mwite jina lake nami nisikie huku.

Nimemaliza kuwasalimia wote na sina tena pa kujificha. Jibu langu ni ndiyo. Zikeni mgomba. Wachague mzuri, uliokomaa, wauvishe shuka jeupe, na Jovitha afanyiwe yote ambayo mjane hufanyiwa ili awe huru. Mimi sitakuja. Bwana Sudi angenipa ruhusa, lakini nikiwaona wanafukia nitawazuia, najua nitawazuia.

Nina ombi moja. Kabla hawajarudisha udongo, inama wewe mwenyewe, ushikwe mkono kama goti likikataa, umwambie mwanao kwamba dada yake ameacha kupanda kilima. Mwambie asihangaike tena kutafuta majani, apumzike. Nami huku nitajitahidi, mama, maneno hayo yawe ya kweli.

Mwanao,
Kemi