Ile Ngoma Niliyoicheka

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Mgongo unaendeleaje, na ile lifti uliyosema inakutesa kuitengeneza, imekubali kutulia? Hapa tu wazima. Magoti yangu yananipigia kelele nikipanda ngazi, nami nayapigia kelele pia, kwa hiyo tunaelewana. Shemeji yako amepunguza sukari kwa amri ya daktari na kuongeza manung'uniko kwa amri yake mwenyewe.

Barua hii nimeianza mara nne. Nimeketi, nimesimama, nimefua pazia ambalo halikuwa chafu. Unanijua: kila Jumatano nagombana na wakubwa gazetini bila kutetemeka, leo nashindwa kumwandikia mtu niliyembeba mgongoni. Basi niseme.

Mpwa wako ameikuta kaseti yenu. Ilikuwa kwenye boksi la vitundikio vya nguo vya baba, vile tulivyovihamishia hapa duka lake la dobi lilipofungwa. Ni ile mliyorekodi na bendi yenu ya roki kwenye ghala nyuma ya duka, baba akiendelea na kazi upande wa pili wa ukuta. Unajua shughuli ya binti yangu sasa: anatengeneza biti za hip-hop kwenye chumba kilichokuwa stoo yangu ya vitabu. Magitaa hakuyataka. Alisikiliza mpaka wimbo wa tatu, mahali wenzako wanaponyamaza ukabaki peke yako na dramu kwa sekunde nane. Akazikata hizo nane, akazipunguza kasi kidogo, akazizungusha, na tangu siku hiyo nyumba hii haina amani.

Unakumbuka makala zangu. Mara ngapi nimeandika kwamba hip-hop ni mashine tu, kwamba roki ni kelele za watu walioshiba, na kwamba hivyo viwili havina undugu? Nilikosea, na kinachoniuma ni kwamba ushahidi ulikuwa wazi. Hip-hop ilianza na vijana waliochukua santuri za watu wengine wakatafuta mahali hapo hapo, pale mpiga dramu anapoachwa peke yake. Santuri za roki zilikuwamo pia, kwa sababu wapiga dramu wa roki walipiga kwa nguvu, wengine wakirekodiwa kwenye vyumba vikubwa vyenye mwangwi. Pigo lao linajaza wimbo hata ukiondoa kila kitu kingine. Nani angedhani? Gitaa waliloringa nalo likaachwa, aliyekaa nyuma ndiye akarithiwa. Nimesoma vitabu vya kujaza kabati mbili, na hili nimefundishwa na mtoto aliyevaa soksi zisizofanana.

Aliniita nisikie. Nikasikia ngoma ya mguu, kisha ile ndogo yenye waya ikaja imechelewa, kidogo tu, kama kawaida yako. Aibu ya zamani ikanipanda. Nikamwambia ainyooshe, kompyuta si inaweza?

"Mama, nikiinyoosha hii inakufa."

"Nyoosha. Mjomba wako alikuwa anachelewa, bendi nzima ilijua."

"Basi bendi nzima haikuwa na masikio."

"Usinijibu kama mtangazaji."

Akainyoosha, ili kunikomoa tu. Kila pigo likakaa mahali pake, na kilichotoka kilifaa kuwekwa ndani ya lifti zako ili abiria wasinzie. Akarudisha ya kwanza. Shemeji yako, ambaye hata harusini hachezi, akatoka jikoni na mwiko mkononi, kichwa kinatikisika chenyewe.

"Huyu mtu alikuwa anasubiri nini pale?" binti akaniuliza.

Wiki nzima sikutulia. Niligonga kalamu mezani kwenye kikao mpaka mhariri akaninyang'anya kalamu, akidhani ndiyo yenye makosa. Alhamisi nikapeleka koti la shemeji yako kwa dobi. Fundi akakanyaga pedali, pasi kubwa ikashuka, puu! Kimya kidogo. Halafu mvuke, fyuu! Mdogo wangu, nikamwomba airudie. Puu, kimya, fyuu. Sisi tumekulia kando ya mashine kama ile, dukani kwa baba. Wewe hesabu zako za shule ulizifanyia pembeni yake. Hukuwa unachelewa. Ulikuwa unausubiri mvuke wa baba.

Na mimi ndiye niliyeandika. Unajua ninachosema, ingawa kwa miaka ishirini na sita hujakitaja. Nilikuwa mgeni gazetini, nataka kuchekesha, nataka waone sipendelei ndugu. "Mpiga dramu huingia kwenye wimbo kama mtu aliyeachwa na basi." Mji mzima ukacheka. Wiki iliyofuata kiongozi wa bendi akakutoa, ukauza dramu, ukasafiri. Tangu hapo tumezungumza mgongo, lifti na mvua, na hilo tumelikwepa kama shimo barabarani. Nisamehe. Utetezi sina na sitautafuta. Makala ya kujisahihisha nimeshaiandika. Haitatoka mpaka uniambie kama unataka kutajwa.

Lakini haraka yangu ni ya mtoto. Wimbo alioujenga juu ya zile sekunde zako nane unatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Amekupigia mara tatu kukuomba ruhusa, kila mara unasema uko kazini. Mwimbaji aliyemwagiza biti anamsukuma aweke ngoma za mashine, la sivyo atatafuta mtu mwingine, na hii ingekuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake. Amegoma. "Hiyo ni mikono ya mjomba, mama. Siwezi kuivaa kama koti lililosahauliwa kwa dobi." Kwa ukaidi mmefanana. Basi mjibu. Hata ukikataa, kataa kwa mdomo wako. Ukimya ninaustahili mimi, siyo yeye.

Ndani ya bahasha kuna flashi yenye vipande viwili. Cha kwanza kimenyooshwa, cha pili ni wewe. Anza na cha kwanza, usikie tulichokufanyia.

Kwenye cha pili, usisikilize ngoma tu. Karibu na mwisho, nyuma ya ukuta, kuna fyuu moja hafifu. Binti alidhani ni kasoro ya kaseti, akataka kuifuta. Nimemwambia akiigusa, atatafuta pa kula.

Msalimie wifi yangu na hao pacha wasiokaa kitako. Mama mdogo anakusalimu sana, anauliza kama bado unagonga sahani kwa vijiko watu wakiwa mezani. Mungu akushike huko kwenye mashimo ya lifti, na akuhifadhie hiyo mikono.

Wako akupendaye, hata siku ile aliyokuumiza,

Dada